Jibu: Springer Mountain hadi Neel Gap mwanzoni mwa Machi

Salaam ndugu. Umeuliza iwapo siku nne zinatosha kwa kipande cha kwanza cha njia ya Appalachian, ile ndefu ya kutembea kwa miguu, huko jimbo la Georgia, Marekani, kutoka Springer Mountain hadi Neel Gap, na iwapo mfuko wa kulalia wa kiangazi utafaa. Siku zinatosha, kwani ni kama kilomita 50 tu. Mfuko huo haufai kabisa. Kwanza kagua utabiri wa usiku wa mlimani, si wa mjini, kwa sababu Blood Mountain, mlima utakaoupita njiani, una kimo cha mita 1,359 na mwezi Machi maji huweza kuganda huko. Mimi hulala na chujio la maji ndani ya mfuko, maana nyuzi zake zikiganda hupasuka bila kuonekana, nawe utaendelea kunywa ukidhani maji ni salama. Nguo za pamba ziache nyumbani. Kabla ya kupanga kulala kati ya Jarrard Gap na Neel Gap, mwishoni mwa kipande hicho, soma masharti ya kuhifadhi chakula kwenye kopo gumu lisilofunguliwa na dubu. Ukianzia chini, kwenye maporomoko ya maji ya Amicalola Falls, utaongeza takriban kilomita 14 za kupanda. Kwa safari ya kwanza, ningeanzia barabara ya msituni iliyo karibu na kilele cha Springer.