Mfuko Wenye Mwaka wa Kustaafu Hauivi kama Hatifungani

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari ya Serikali wilayani Newala, nina umri wa miaka 45, na kila msimu hupata fedha kidogo za korosho. Mpwa wangu anayefanya kazi Marekani ananiambia kwamba akiba yake ya uzeeni imo katika mfuko wenye mwaka 2055 katika jina lake. Je, mwaka huo ukifika, mfuko unaiva na kulipa kiasi kilichoahidiwa, kama hatifungani ya Serikali? Nami nifanyeje hapa nchini?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Mwaka huo ni makadirio ya lini mwenye akiba atastaafu, wala si ahadi ya malipo. Msimamizi huutumia kupanga mgawanyo wa fedha: mifuko mingi mikubwa ya aina hii huanza na takriban asilimia 90 katika hisa, kisha huzipunguza mwaka hadi mwaka na kuongeza hatifungani (mikopo kwa Serikali au kampuni, yenye riba na tarehe ya kurudishwa), hadi hisa zibaki kama nusu hivi wakati wa kustaafu. Siku hiyo mfuko haufungwi, na mingine huendelea kupunguza hisa kwa miaka kadhaa. Mwaka 2008, mifuko ya Marekani iliyolenga 2010 ilipoteza kwa wastani karibu robo ya thamani yake, ilhali wengi wenye vipande, yaani sehemu za umiliki wa mifuko hiyo, walijiona wamekwishafika salama.

Hapa nchini unaweza kufanya uhamishaji huo mwenyewe kupitia mifuko ya UTT AMIS, taasisi ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwa kuwa Mfuko wa Umoja huchanganya hisa na hatifungani, na Mfuko wa Hatifungani hauna hisa. Wengi husahau kwamba kuweka fedha zote Umoja si kuziweka zote katika hisa: taarifa ya mfuko ikionyesha, kwa mfano, hisa asilimia 40, basi katika shilingi 1,000,000 uliyoweka, ni 400,000 tu zilizo katika hisa. Piga hesabu kwa kiwango hicho kabla hujajiona umethubutu kupita kiasi.

Kwa miaka ya mwanzo ningeelekeza sehemu kubwa Umoja. Baadaye, badala ya kuuza vipande, elekeza fedha mpya za korosho kwenye Mfuko wa Hatifungani, na uanze kuhamisha vipande vya Umoja pale tu fedha mpya zisipotosha kubadili uwiano.

Kile ulichodhani mfuko wa mpwa wako unafanya, hatifungani za Serikali zenyewe hukifanya. Ya miaka 15 ukiinunua leo itaiva utakapofikisha 60, umri wa kustaafu kwa lazima, na ya miaka 10 ukiinunua baada ya miaka mitano itaiva wakati huohuo. Riba hulipwa kila miezi sita. Tatizo ni kwamba shilingi utakazorudishiwa hazitanunua kinachonunuliwa leo, na ukilazimika kuiuza kabla ya kuiva, bei yake huwa imeshuka endapo riba sokoni zimepanda.

Pensheni yako ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, inayolipwa kila mwezi maisha yote, tayari inafanana na hatifungani, hivyo unaweza kuvumilia hisa nyingi zaidi kuliko mpwa wako akiwa na umri wako, ikiwa yeye hana pensheni kama hiyo. Kinachonizuia kukusukuma zaidi ni korosho, maana bei za minada hupanda na kushuka. Kwa hiyo matumizi ya mwaka mmoja yakae kwanza katika Mfuko wa Ukwasi, mfuko mwingine wa UTT AMIS ambao fedha zake hutolewa kwa urahisi, ndipo hesabu ya uzeeni ianze.