Msimtengee Sahani

Sindano ya cherehani ilimpenya mjomba wangu kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, wala hakujua mpaka alipoona damu kwenye kanzu nyeupe ya mteja. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika Idi, na kazi zimemrundikia kibandani kwake Likoni, Mombasa. Alijifunga kitambaa akaendelea kushona. Jioni akanionyesha huku akicheka: "Tazama, mwanangu, hata haiumi." Nikacheka naye. Mgongoni alikuwa na baka lililopauka, lina zaidi ya mwaka, haliwashi wala haliumi, na kwa kuwa haliumi hakuna aliyelishughulikia. Duka la dawa walikuwa wamemuuzia mafuta ya fangasi mara tatu.

Naandika haya kwa ajili ya watu wa misikiti na wa makanisa, wale ambao wakisikia mwenzao ameugua huuliza, "Tumfanyie nini?" Sisi tulianza kwa kumuumiza.

Tulipovuka feri kwenda kliniki, nesi alimwambia mjomba afumbe macho, akampapasa baka kwa pamba na kumtaka aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Mjomba alikaa kimya, macho kayafumba, akingoja aanze kuguswa. Nesi alikuwa ameshamaliza. Kisha akamshika kiwiko, na mshipa wa fahamu pale ulikuwa umenenepa kama kamba. Walimchuna kidogo kwenye ndewe ya sikio kwa ajili ya kipimo, na majibu yalipotoka tukaambiwa ni ukoma.

Usiku ule nilifanya kosa ambalo hadi leo likinijia hunichoma. Niliandika katika kundi la WhatsApp la vijana wa msikiti: "Ndugu zangu, mjomba amepatikana na ukoma, tumuombeeni dua." Nia yangu ilikuwa njema. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, mtaa mzima ulikuwa na habari, na watu wawili wakatuma watoto kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Mjomba hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Nilikutuma?" Hakukanyaga msikitini kwa karibu miezi miwili.

Kwa hiyo la kwanza: habari za ugonjwa ni za mwenyewe. Ukitaka aombewe, muombe ruhusa, na akikataa muombee kimyakimya. Mungu anamjua hata usipomtaja.

La pili ni kuujua ugonjwa kabla ya kufungua mdomo. Ukoma huletwa na bakteria anayekua polepole mno. Kwa kawaida hupita kama miaka 5 tangu kuambukizwa mpaka dalili kutokea, na wengine hufika 20 au zaidi, ndiyo maana kutafuta nani alikuambukiza ni kazi bure. Watu wengi sana miili yao humshinda bakteria huyo bila wao hata kujua. Anayeambukiza ni mgonjwa ambaye hajatibiwa, kwa kukaa naye karibu muda mrefu, na akishaanza dawa haambukizi tena. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kutumia dawa kadhaa kwa pamoja mwaka 1981, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bila malipo duniani kote. Wengine humeza miezi 6. Mjomba alipewa miezi 12. Sisi wa nyumbani tulichunguzwa ngozi, na mkaza mjomba, aliyelala naye miaka thelathini, hakuwa na kitu.

Sasa nije kwenye sahani.

Katika ile miezi miwili palikuwa na hitima, kisomo cha kumuombea marehemu, kwa jirani, na mjomba alijikaza akaenda. Masinia yalipotoka, watu wanne kwa sinia moja kama ada yetu, kijana mmoja alimletea mjomba sahani yake peke yake, pilau imejazwa, nyama kubwa juu, na kijiko. Alileta kwa adabu kabisa, kwa mikono miwili. Kila mtu aliona. Mjomba alikula tonge mbili, akashukuru, akaondoka. Ukiitazama kwa haraka utasema amekirimiwa. Lakini sisi huku Pwani twajua maana ya mtu kula peke yake masinia yakiwa yamezungukwa na watu. Kumtengea mtu chakula na kumtenga mtu, siku ile vilikuwa kitu kimoja.

Aliyelirekebisha jambo hili ni maalim wetu, na hakulirekebisha kwa hotuba. Alikuja nyumbani baada ya isha, peke yake. Alimpa mjomba mkono, akaushika mkono ule hasa wa kushoto pia, akakaa, akanywa kahawa. Kisha akasema, "Fundi, nafasi yako safu ya kwanza iko wazi, na mimi nina kitambaa cha kanzu." Akakitoa mfukoni. Walizungumza bei ya kushona, wakabishana kidogo kama desturi, akaaga. Ijumaa ile mjomba alirudi, na maalim alihakikisha waliosimama kulia na kushoto kwake ni watu wanaojua kusimama bega kwa bega bila kuacha mwanya. Hitima iliyofuata, maalim mwenyewe alimuita kwenye sinia lake. Wateja walianza kurudi baada ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Michango tuliyochanga ilisaidia nauli, sikatai, lakini kilichomnyanyua mjomba ni kazi. Ukitaka kumsaidia fundi, mpelekee kitambaa.

Wapo waliokuja na hadithi ya Mtume ya kumkimbia mwenye ukoma kama umkimbiavyo simba. Maalim aliwajibu kwamba mwenye kumeza dawa haambukizi, basi mnamkimbia nani? Tena akawakumbusha kwamba tumeamrishwa kutafuta tiba. Rafiki yangu ambaye ni mzee wa kanisa hapa Likoni aliniambia kwao tatizo huja kwa mlango mwingine: mahubiri yanayofananisha ukoma na dhambi. Nilimuomba afikirie mtu aliyekaa benchi la nyuma na pakiti ya dawa mfukoni anayasikiaje maneno hayo. Neno lililofasiriwa ukoma katika maandiko ya kale lilikusanya magonjwa mengi ya ngozi, hata madoa ya nguo na kuta za nyumba. Mhubiri anayejua hilo hana sababu ya kumbebesha mgonjwa wa leo dhambi ya mtu yeyote.

Dua na dawa zisishindanishwe. Mama yangu alitaka mjomba anywe kombe, maji yaliyosuuza aya za Kurani zilizoandikwa kwenye sahani, na mimi, kwa hasira za ujana, nilitaka kukataza. Maalim akaandika kombe kwa zafarani kama kawaida, akamwambia mjomba alinywe asubuhi pamoja na vidonge. Tangu siku hiyo vidonge havikusahauliwa hata mara moja, kwa sababu mama hakusahau kombe. Ninachokataa, na nitakikataa kila siku, ni kumwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani, au kumpaka mitishamba ya moto kwenye ngozi isiyohisi.

Watu wa imani waelezwe mapema kuhusu mambo ya dawa yanayotisha. Dozi ya kila mwezi, ile anayomeza mbele ya nesi, hugeuza mkojo kuwa mwekundu. Mjomba alidhani ni damu, na kwa kuwa hakutaka kusali na najisi alikaa na shaka mpaka tulipouliza. Ni rangi ya dawa tu. Kisha ngozi ilimgeuka nyeusi, tena nyeusi hasa, na mtaani wakasema dawa zinamuua. Hiyo nayo ni dawa mojawapo kati ya zile, na weusi hupungua taratibu baada ya kumaliza.

Kilichotutisha kweli kilikuja mwezi wa nne wa kumeza dawa. Baka lilivimba likawa jekundu, kiwiko kikauma usiku kucha, vidole viwili vikaanza kulegea. Watu walisema dawa zimemkataa. Kumbe mwili ndio unapigana na mabaki ya bakteria, na mapigano hayo huumiza mishipa ya fahamu. Hapo si pa kungoja Jumatatu. Tulivuka feri alfajiri ile ile, akapewa vidonge vya prednisoloni vya kutuliza uvimbe, na dawa za ukoma hazikusimamishwa. Kidole cha mwisho kilibaki kimejikunja. Mkono wenyewe ulipona. Nakuomba, kama unamsindikiza mtu, usikubali ushauri wa "pumzika kwanza na hizo dawa" kutoka kwa yeyote asiye mhudumu wa afya.

Ramadhani ilimkuta bado katika prednisoloni, na daktari alimkataza kufunga. Alilia. Nilikuwa sijamuona mjomba akilia. Tulimuita maalim, akamsomea ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, kisha akasema atakuja afuturu kwetu siku ya kwanza ili mjomba asione haya mbele ya futari. Kwa mgonjwa aliye katika dawa za kawaida na daktari karidhia afunge, vidonge vya kila siku huweza kumezwa usiku, wakati wa futari au daku. Uliza kliniki kabla ya mwezi kuandama.

Na miguu. Hapa ndipo msikiti unaweza kufanya kazi ambayo hospitali haiwezi. Nyayo za mjomba zilikuwa zimepungua hisia, na Ijumaa mchana sakafu kutoka bombani hadi mlangoni huwaka kama kikaango. Sisi twaruka ruka. Yeye alitembea kwa utulivu wake, na jioni mkaza mjomba akaona lengelenge kubwa kama sarafu. Vijana wakatandika jamvi kutoka bombani hadi mlangoni. Gharama yake ilikuwa ndogo, na wazee wote wamefurahi. Nesi naye alimfundisha: kila siku angalia nyayo, loweka miguu kwenye maji ya baridi kama dakika 20, sugua taratibu palipo pagumu, pakaa mafuta kabla maji hayajakauka. Mjomba alinunua chupa ya mafuta ya nazi, na udhu ukawa ndio saa yake. Mara 5 kwa siku anaosha miguu, basi mara 5 anainua kila unyayo na kuutazama, akipitisha kidole gumba kati ya vidole, akitafuta mwiba, mpasuko, au wekundu. Vijana wanaochukua udhu kando yake wamezoea kumngoja. Mmoja humshikia kioo kidogo aone kisigino.

Miezi 12 imekwisha, na kutazama nyayo hakujakwisha, kwa sababu hisia zilizopotea si lazima zirudi.

Kama kwenu yupo mwenye baka lisilohisi, au anayeungua jikoni bila kushtuka, mpeleke leo kituo cha afya cha serikali na uulizie kliniki ya kifua kikuu. Hapo ndipo ukoma hushughulikiwa pia, na dawa ni bure. Nenda naye mwenyewe. Foleni ni ndefu, beba maji.