Nani aliunda ile sehemu ya katikati?

Tulikuwa tisa kwa gurupu moja ya dansi, kazi ya masomo. Mazoezi tulikuwa tunafanyia kwa parsele (kiwanja) moja ya Birere, hapa Goma, chini ni yale mawe meusi ya volkano ya 2002, ukianguka goti linatoka damu. Ile sehemu ya katikati, pale wote wanashuka polepole alafu mmoja anabaki amesimama, mi ndo niliiunda. Siku ya kupewa kote (alama) mwalimu akauliza: hii ya katikati nani aliitoa? Kimya. Alafu mmoja akajibu "sisi wote", na mi nikaitika kama mjinga, nikiogopa wataona najidai. Nikapata 11 juu ya 20.

Nikaenda kulalamika, akaniuliza niko na nini cha kumuonyesha. Nilikuwa na video ya siku ya onyesho tu, na ndani niko nyuma kabisa, mkono ndo unaonekana.

Wadogo zangu, video ya onyesho inaonyesha kama ulicheza, haionyeshi ulileta nini. Uliyoleta iko kwa mazoezi. Kwa hiyo nunua kaye (daftari), na andika usiku uleule, juu kesho utasahau. Usiandike "leo nilisaidia gurupu", hiyo hata aliyekuja kukaa tu anaweza kuandika. Mi mwaka uliofuata niliandikaka hivi: "Jumanne. Tukigeuka kwa hesabu ya tano tunagongana. Nimesema mstari wa nyuma uchelewe hesabu mbili. Mara ya tatu ikakubali. Yule wa mbele ameongeza mkono wa kushoto, huo ni wake." Hiyo ya mwisho usiiruke, mwalimu akiona unataja na ya wengine ndo anaamini na ya kwako.

Andika na yenye ilikataa. Mi nilitaka kiuno cha ndombolo kiingie pale muziki unanyamaza, wakakataa wote, na walikuwa na haki, watu wangecheka bure.

Kwa video za mazoezi, weka simu juu ya bido (jerikani), mbali kidogo mpaka miguu yote ionekane, na piga kabla ya saa kumi na moja maana umeme ukienda hamtaona kitu. Funga kipande cha kitenge kwa mkono ili ujulikane kati ya wale tisa. Na kamera ya selfi uiache, simu zingine zinageuza picha, mi niliandika "kulia" na kwa video ni kushoto, mwalimu akadhani nadanganya. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokima (document), ukituma kawaida inapunguza ubora na sura zinakuwa kama uji. Namna ya kusimama, chora tu, viduara na mishale, inatosha.

Alafu kabla ya siku yenyewe ya onyesho kaeni wote, kila mtu aseme mwenzake alileta nini, muandike kwa karatasi moja na msaini. Ya kwetu ilichukua saa mbili. Kaka mmoja alikataa kusaini mpaka tuandike kama yeye ndo alikuwa analeta bafle (spika) kila Jumamosi toka kartye ya Katindo kwa chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili. Tukaandika.