Wazee wa Iron Maiden bado wanaweza? Niende au niache?

SWALI: Anko shikamoo. Niko Ngamiani hapa Tanga. Shemeji yangu anaishi Uingereza kanialika na tiketi ya kuwaona Iron Maiden, ile bendi ya roki nzito ya huko huko, ashanikatia, mi nyimbo zao nazisikiliza kwenye simu tu tangu sekondari. Ila washkaji wanasema hao wazee washachoka hawana kitu tena, halafu mama kaona picha ya lile dubwana lao kasema huo muziki wa shetani nisikanyage. Na makelele nayaogopa, sikio la kushoto lilishanisumbua. Niende?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nenda!

Uzee ni kweli. Steve Harris, mpiga besi aliyeanzisha bendi London mwaka 1975, ni wa 1956, mwimbaji Bruce Dickinson ni wa 1958. Lakini huyo Dickinson aliugua kansa ya koo na ulimi, akatibiwa akapona 2015, na 2016 akawa anazunguka dunia anaimba na hapo hapo ni rubani wa Boeing 747 ya bendi. Mwaka huo walifika Afrika Kusini, mi niliwaona Johannesburg na nakwambia yule mtu alikuwa anakimbia jukwaa zima na sauti haikatiki. Ila Nicko McBrain usimtegemee kwenye ngoma, aliacha ziara mwisho wa 2024, sasa anapiga Simon Dawson.

Kitu ambacho simu haikupi ni magitaa. Wewe ni wa Tanga bana, mji wa bendi za dansi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, gitaa la solo na la ridhim unayajua, basi hawa tangu 1999 wana wapiga gitaa watatu, Murray, Smith na Gers, kwenye simu wote wanarundikana unasikia ukuta mmoja tu, ukiwa pale unawaona wawili wanapiga solo moja kwa sauti mbili, mmoja juu mmoja chini, na wa tatu kashika ridhim. Halafu mwangalie Harris mkono wa kulia. Hatumii kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, ni vidole vitupu, vinakwenda mbio kama farasi wimbo mzima, mguu kaukanyagisha kwenye spika ya mbele na besi kawaelekezea watu. Pale ndo utaelewa bendi nzima inamfuata nani.

Mama usibishane naye. Kaa naye mwambie lile dubwana linaitwa Eddie, ni mtu kavalishwa anatoka kutembea jukwaani watu wanashangilia, na nyimbo zao nyingi ni za vita, historia na hadithi za vitabuni. Akikataa bado mpe muda, ni mama yako.

Sikio sasa, hilo usilifanyie mchezo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema kwenye kumbi za muziki wastani usizidi desibeli 100, na hiyo yenyewe ni kubwa. Nunua vizibo vya masikio vile vya povu, bei yake ndogo, pamba haisaidii kitu. Muone daktari wa masikio kabla hujasafiri. Na usiende kubanana mbele kwenye maspika, simama nyuma karibu na meza ya mafundi mitambo, maana wao wanapanga sauti kwa jinsi inavyosikika pale walipo, na hapo ndo utayasikia yale magitaa matatu yametengana vizuri.