Ujue Mwisho Kwanza: Namna Ninavyochambua Ishara na Vidokezo katika Tamthilia za Mizimu

Wanafunzi wangu wa fasihi hapa Mbeya wanapoanza kuchambua tamthilia ya televisheni, wengi wao huandaa orodha: damu ni kifo, giza ni uovu, weupe ni usafi. Orodha ya namna hiyo haifiki mbali, kwa sababu ishara haihami na maana yake kutoka hadithi moja hadi nyingine. Kila hadithi huijengea ishara maana yake, na aghalabu huijenga kwa kuirudia. Kwa hiyo ushauri ninaoutilia mkazo kuliko mwingine wowote ni huu: tazama sehemu nzima hadi mwisho bila kuandika chochote, kisha uianze upya ukiwa tayari unajua nani atakufa, wapi na kwa namna gani. Dokezo halithibitiki mpaka jambo lililodokezwa litokee.

Mfano ninaoutumia mara nyingi ni sehemu ya kwanza ya Supernatural, tamthilia ya Marekani iliyobuniwa na Eric Kripke. Sehemu hiyo iliongozwa na David Nutter na kurushwa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Septemba 2005. Inaanzia mjini Lawrence, katika jimbo la Kansas, mwaka 1983. Katika chumba cha mtoto mchanga saa ya ukutani inasimama, taa ndogo inafifia na kuwaka, na midoli iliyoning'inizwa juu ya kitanda inaanza kuzunguka yenyewe. Baba, John Winchester, anaingia, anaona tone la damu, anainua macho na kumkuta mkewe Mary, akiwa na gauni jeupe la kulalia, amenaswa kwenye dari, kisha moto unalipuka. Anampa Dean, mwanawe wa miaka minne, mdogo wake Sam ambebe, na kumwamuru akimbilie nje asigeuke nyuma.

Miaka ishirini na miwili baadaye Sam ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, anaishi na mpenzi wake Jessica na hataki tena kusikia habari za mizimu ambayo familia yake huiwinda. Dean anamfuata usiku, baba yao ametoweka, na ndugu hao wawili wanakwenda Jericho, California, ambako wanaume wanapotea barabarani mikononi mwa mzimu wa Constance, mwanamke mwenye gauni jeupe aliyewazamisha watoto wake katika bafu kisha akajirusha kutoka darajani. Kazi inapokwisha Sam anarudi nyumbani, anajilaza kitandani, na matone ya damu yanamdondokea kwenye paji la uso. Jessica yuko darini, naye akiwa na gauni jeupe, na Dean ndiye anayevunja mlango na kumtoa Sam motoni.

Anayetazama mara moja atasema kwamba mwanzo na mwisho vinafanana, na atakuwa amesema kweli, lakini hilo kila mtu huliona. Utajiri wa sehemu hii uko katikati, katika kisa cha Constance, ambacho mtazamaji wa haraka hukiona kama kazi ya kupitia tu kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Tazama tukio la darajani. Sam anamwambia kaka yake kwamba mama yao amekwenda na hatarudi. Dean, kwa hasira, anamkamata na kumbana kwenye kingo za daraja. Na papo hapo mama mfu mwenye gauni jeupe anaonekana amesimama ukingoni. Mwandishi amelijibu neno la Sam kwa picha. Mzimu huo, tena, unalalamika kwamba hauwezi kurudi nyumbani, na anayeusikia ni kijana aliyeikimbia familia yake na ambaye, kabla sehemu haijaisha, atapoteza hata nyumba aliyojijengea. Constance hatimaye anaangamia anapofikishwa nyumbani kwake, watoto wake wakimsubiri juu ya ngazi na maji yakitiririka kuteremka. Muda mfupi baadaye Sam anaingia nyumbani kwake, na sauti anayoisikia ni ya maji ya bafuni.

Sauti hiyo ndiyo sababu ya ushauri wangu wa pili. Wengi wetu katika mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini tulizoea tamthilia za nje kupitia vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, ambako sauti ya mtafsiri husimulia juu ya picha. Ninawaheshimu watafsiri hao, kwani wameifikisha sanaa kwa watu ambao wasingeipata. Hata hivyo simulizi yao hufunika ukimya, mlio wa saa na maji yanayochuruzika, na waongozaji wa tamthilia za mizimu huficha vidokezo vyao humo. Kwa uchambuzi, tafuta nakala isiyosimuliwa, hata kama Kiingereza chako ni cha kusuasua.

Tatu, isome ishara kwanza kwa mazingira ya hadithi, kisha kwa mazingira yako. Mtazamaji wa huku akiona gauni jeupe huenda akafikiria sanda. Aliyelelewa na simulizi za Ziwa Ngozi, kule Milima ya Poroto, huenda akadhani kila maji yenye kina ni makao ya nguvu fulani. Na kwa kuwa umeme kufifia ni jambo tulilolizoea, taa inayocheza ndani ya tamthilia inaweza kumpita bila kumshtua. Katika sehemu hii gauni ni vazi la mwanamke aliye nyumbani mwake, yaani mahali anapojiona salama, na maji ni hatia ya mama. Fikra ya sanda si ya kutupwa, ila iandike kando, kama mwitikio wako, isije ikakaa mahali pa maana iliyojengwa na hadithi.

Yapo pia maneno yanayotabiri waziwazi, na hayo yanahitaji tahadhari zaidi. Sam anamwambia Constance, ambaye huwaua wanaume wasio waaminifu kwa wapenzi wao, kwamba hajawahi kukosa uaminifu, naye anajibiwa kwamba atakosa. Wanafunzi hubishana sana hapa, kwa kuwa hakuna usaliti wa kimapenzi unaofuata. Mimi naona kwamba uaminifu unaoguswa ni wa ukweli: Sam amemficha Jessica habari za familia yake, na msichana huyo anakufa bila kujua hatari iliyomzunguka. Atakayesoma tofauti ninamwomba anionyeshe tukio linalomuunga mkono, si hisia yake tu.

Ukibaki na shaka kama kitu fulani ni dokezo, kiondoe kichwani mwako na uone kinachopotea. Biskuti alizoacha Jessica mezani pamoja na ujumbe wa mapenzi ni ishara ya maskani ambayo Sam anakaribia kuipoteza, lakini hazitabiri lolote. Zikiondolewa, huzuni inapungua na mpangilio wa matukio unabaki ulivyo. Ukiondoa sauti ya maji ya bafuni, kifo cha Jessica kinakatika kutoka katika kisa cha Constance, na safari yote ya Jericho inabaki kazi ya pembeni isiyohusiana na mwisho.