Maji ya foraji na ile torchi ya ultravioleti: jibu kwa yaya wa Ruashi

Yaya, umeuliza kama ile matone ya rangi na torchi uliona kwenye video inaweza kukuonyesha kama maji ya foraji yako iko na metali, ju kwa macho inaonekana safi kabisa. Inaweza, lakini sikiliza kwanza ya kwangu, niko fundi wa labo.

Mama yangu iko na kisima Katuba. Nilitia kalseini kidogo, ni rangi inayowaka kijani chini ya ile torchi lakini metali inaizima, ndani ya chupa mbili, moja maji safi ya labo, moja ya kisima, nikafunga mlango nikawasha torchi. Ya labo iliwaka kijani, ya kisima ikabakia giza. Palepale nikamwambia asikunywe tena, ni shaba hii, akabeba bidoni kutoka kwa jirani wiki tatu nzima. Tulipopitisha ile maji kwa mashine, ilikuwa chuma mingi, shaba kidogo tu. Chuma nayo inaizima, kobalti pia, nikeli pia, na miye nilikuwa naona paka shaba ju hapa Lubumbashi kila mtu anawaza shaba.

Kwa hiyo chuja tope kwanza. Ukiona giza, tia tone ya EDTA, dawa ya labo inayoshika metali, inainyang'anya rangi ile metali, na kijani ikirudi basi ni metali kweli, lakini gani, haikuambii.

Kuko na dawa ingine, rodamini ya aina ambayo haina rangi, metali ikiigusa pete yake inafunguka inawaka machungwa. Hii naiamini zaidi, ila asidi nayo inaifungua, basi pima pH (kipimo cha asidi) mbele, zaidi kama uko karibu na machimbo.

Kinachoniumiza ni risasi, yaani plombo. OMS, shirika la afya la dunia, inakubali shaba miligramu 2 kwa lita, plombo mikrogramu 10 tu, mara 200 chini! Rangi inayopima shaba ikikuambia sawa, juu ya plombo haijakuambia kitu, na wa kwanza kuumia ni batoto. Na kuchemsha hakusaidii, maji inapanda hewani, metali inabakia sufuriani.

Chukua chupa mbili: moja maji ya kwanza asubuhi kabla mtu hajafungua robine, ingine baada ya kuacha itiririke dakika 5, ju plombo inaweza kutoka kwa tuyo siyo kwa udongo. Andika saa kwa kila moja, zote mbili ziende labo hata kama torchi imeonyesha kijani.