Maswali ya Wasomaji: Pistoni za Oda Zinapochelewa

SWALI: Ndugu mhariri, nina gari lenye injini ya petroli ya silinda 4 ambayo niliamua kuiongezea nguvu kwa kuifunga turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Kwa ushauri wa fundi wangu niliagiza pistoni 4 (vipande vinavyopanda na kushuka ndani ya silinda) za oda maalumu kutoka kwa mtengenezaji aliye mbali, nikalipa nusu ya bei, nikaahidiwa kwamba zingekuwa tayari baada ya wiki 10. Sasa tumo katika wiki ya 17, na kila nikiuliza hujibiwa kwamba zimekaribia. Injini imekwisha kufunguliwa, bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, imekaa karakana, na fundi anataka kuipeleka ikachongwe silinda mapema ili pistoni zikifika kazi isichukue muda. Je, kuchelewa namna hii ni kawaida au nimetapeliwa? Na je, nimruhusu fundi aendelee?
Msomaji aliyechoka kungoja

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lenye hasara isiyorudishika. Mwombe fundi wako asiichonge bloku hiyo mpaka pistoni ziwe mkononi mwake na azipime mwenyewe.

Pistoni za oda kwa injini za turbo kwa kawaida hufuliwa kutokana na aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini, na aloi mbili zinazotumika sana ni zile zinazojulikana kwa namba 4032 na 2618. Ya kwanza ina silikoni takriban asilimia 12, hivyo haitanuki sana ikipata moto. Ya pili ina silikoni kidogo mno, huvumilia zaidi mapigo ya mwako mkali, lakini hutanuka zaidi na kwa hiyo hudai nafasi kubwa zaidi kati yake na ukuta wa silinda. Alumini kwa jumla hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu ambacho bloku nyingi zimetengenezwa kwacho. Nafasi inayozungumzwa hapa ni ya sehemu chache tu za mia za milimita: ikipungua, pistoni hujikwaruza na kukwama injini ikipata joto, ikizidi, hugonga asubuhi injini ikiwa baridi, na injini hula oili. Isitoshe, pistoni si duara kamili, kwa maana ina umbo la yai kidogo, na kichwa chake ni chembamba kuliko sehemu ya chini, ndiyo maana hupimwa mahali palepale alipoelekeza mtengenezaji na si popote mkono unapofikia. Silinda basi huchongwa kuifuata pistoni. Ikichongwa leo kwa kufuata namba zilizoandikwa kwenye oda, na pistoni zikaja na tofauti ndogo tu, utalazimika kuivalisha bloku silivu (bomba jipya la ukuta wa silinda) au kuagiza pistoni nyingine kubwa zaidi na kuanza kungoja upya.

Kuhusu kuchelewa kwenyewe, wiki 7 za ziada hazitoshi kuthibitisha utapeli. Pistoni ya oda hupitia mikono mingi: mchoro huchorwa na kuthibitishwa, kipande kilichofuliwa hutafutwa, hukerezwa, hukatwa mifereji ya ringi na tundu la pini, kisha hukaguliwa. Ikiwa uliomba ipakwe utando wa kuzuia joto au msuguano, huenda ikapelekwa kwenye kiwanda kingine chenye foleni yake. Karakana ndogo, nazo, hupenda kukusanya oda zinazofanana ili mashine ipangwe mara moja kwa kazi nyingi, na oda ya pistoni 4 tu inaweza kukaa ikingoja wenzake. Wauzaji wengi hawalisemi jambo hili siku wanapopokea malipo ya awali, na kwa maoni yangu hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa.

Kinachonitia shaka mimi ni hilo jibu la “zimekaribia”. Kazi yenye hatua zinazojulikana haielezwi kwa neno moja. Mwandikie mtengenezaji umuulize kama mchoro umekwisha kuthibitishwa, kama vipande vimekwisha kukerezwa, na kama viko kwake au kwa mpakaji utando. Omba picha inayoonyesha pistoni pamoja na namba ya oda yako. Aliye kazini atakujibu kwa siku moja au mbili, hata kama jibu lenyewe halifurahishi. Akishindwa kutaja hatua, huenda hajaanza. Hapo mpe tarehe mpya iliyo wazi, kwa maandishi, na umweleze kwamba ikipita utadai fedha zako. Fahamu tu kwamba kubadili nia na kucheleweshewa ni mambo mawili tofauti kisheria: mnunuzi wa kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyake mara nyingi hana haki ya kukirudisha kwa sababu tu amekichoka, na hata maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji, yanayompa mnunuzi wa mbali siku 14 za kughairi, huviacha nje vitu vya namna hiyo. Lakini muuzaji asiyeleta alichoahidi hawezi kujificha nyuma ya kanuni hiyo.

Wakati huu unaongoja utumie kuukagua mchoro, kwa kuwa kosa lililomo humo halitaonekana mpaka injini ifungwe. Chukua mfano wa silinda yenye kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 86. Ujazo unaofagiliwa na pistoni ni takriban sentimita za ujazo 500. Ili mgandamizo, yaani kiasi ambacho hewa na mafuta hubanwa kabla ya kuwaka, uwe 9 kwa 1, nafasi inayobaki juu pistoni ikiwa kileleni lazima iwe kama sentimita za ujazo 62.5, ukitaka 10 kwa 1, iwe kama 55.5. Tofauti ya sentimita 7 za ujazo, ambazo ni kijiko kimoja na nusu cha chai, ndiyo inayotenganisha injini inayovumilia turbo na ile inayogonga kwa mafuta kujilipukia yenyewe. Kina cha bakuli lililo juu ya pistoni, unene wa gasketi na ujazo wa chumba cha mwako kilicho kwenye silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) vyote huingia katika hesabu hiyo. Ikiwa fundi wako alikadiria ujazo wa chumba badala ya kuupima kwa kimiminika, mwambie aupime sasa, na kama namba imebadilika mjulishe mtengenezaji kabla hajakata chuma.

Bloku nayo isiachwe wazi. Kuta za silinda zipakwe oili, matundu yote yazibwe, kisha ifunikwe. Mfuko wa plastiki juu ya chuma kikavu hufungia unyevu ndani na kukaribisha kutu.

SWALI: Mtengenezaji wangu anataka nimalize malipo kabla hajasafirisha. Je, nikubali?
Msomaji mwenye wasiwasi

JIBU: Ni desturi ya kawaida katika kazi za oda, kwani kitu kilichotengenezwa kwa injini yako hawezi kumuuzia mtu mwingine. Omba kwanza picha na karatasi ya vipimo halisi vya kila kipande, na ulipe kwa njia inayokuruhusu kulalamika. Mzigo ukifika, upige picha kabla ya kuufungua.

SWALI: Nangoja kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya oda, lakini injekta kubwa, zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini, zimekwisha kufika. Je, nizifunge na nipangiwe programu ya injini sasa, kisha kamshafti ifuate?
Msomaji mwenye haraka

JIBU: Injekta kubwa zikifungwa huku kompyuta ikiendelea na programu ya zamani, zitamwaga mafuta kupita kiasi, injini itatoa moshi mweusi na oili itachanganyika na petroli. Unaweza kupangiwa programu ya muda, ila ujue kwamba utalipia kazi hiyo mara mbili. Kamshafti inayoziacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi hubadilisha mvuto wa hewa injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na kompyuta zinazokadiria hewa kwa kupima shinikizo ndani ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) zitapotoka kabisa baada ya kuifunga. Ningekuwa wewe ningeziacha injekta ndani ya boksi lao, vifuniko vikiwa juu ya ncha zake, mpaka kamshafti ifike.